Heri ya Krismasi kutoka Tabora, ingawa kwetu italiwa tarehe 27

Ndugu, jamaa na marafiki, mwangaluka! Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Naandika nikiwa barazani kwa bibi, si mbali na reli. Maembe yanadondoka juu ya bati kama kuna mtu anatupa mawe, na mvua ya jana imeacha ua mzima tope. Mliokulia Tabora mnaijua Desemba hii.

Kwetu sikukuu haijawahi kufuata kalenda. Krismasi ni siku dereva anaporudi. Nikiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tarehe 25 nilitoka kucheza na kaptula ya kila siku huku wenzangu wamependeza. Nguo yangu mpya ilikuwa sandukuni, inasubiri treni. Bibi hakutaka mjadala. "Mwenye kuku yuko njiani, nyie mnataka kumla na nani?"

Mwenye kuku alikuwa babu, dereva wa treni wa Reli ya Kati. Lakini habari ya reli katika ukoo wetu inaanzia kwa baba yake. Yule mzee alikuwa kijana wa Kinyamwezi aliyetembea hadi Bagamoyo na mzigo kichwani, kama walivyofanya vijana wengi wa Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, akaingia kwenye vibarua vya kujenga tuta la reli. Reli ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912. Kwa hiyo alikwenda pwani kwa miguu, akarudi kwao akiitandika njia mbele yake. Wenzake wakaendelea na kazi mpaka Kigoma, 1914. Yeye alibaki hapa, akaoa.

Babu alizaliwa 1928, mwaka njia ya Mwanza ilipokamilika. Akaajiriwa 1948 kusafisha injini, akapanda akawa mtu wa moto, yule anayelilisha boila huku dereva akiangalia mbele. Kiti cha udereva wakati ule kilikuwa zaidi cha Wazungu na Wahindi, naye alikikalia baada ya uhuru tu. Bibi anasema siku hiyo alirudi nyumbani hasemi neno, akaoga, akalala. Furaha ilimtoka kesho yake.

Usiku alikuwa anakuja kijana wa kuita zamu, anagonga dirisha. Sisi watoto tuliujua ule mlio wa vidole dirishani kuliko adhana na kengele ya kanisa. Ukisikika tarehe 23, basi Krismasi imeahirishwa. Njia ni moja, treni hupishana stesheni tu, na bila ruhusa ya stesheni ya mbele kichwa hakisogei hata kama abiria wote wanalia. Babu alikuwa na Krismasi moja aliyopenda kuisimulia, ya kukwama Itigi usiku kucha kwa sababu ya treni ya mizigo iliyoharibika mbele. Alikuwa ameshaupanda ule mlima baada ya Saranda, akidhani kazi imekwisha. Abiria wakashuka, wakawasha moto kando ya mabehewa, akina mama wa kwaya wakaanza kuimba. Aliyetoa mchele alikuwa gadi, yule msimamizi wa treni, Mwislamu wa Ujiji, mchele aliokuwa anaupeleka kwake. Babu alisema pilau ile haikuwa na nyama wala bizari, na kwamba hajapata kula tamu kama ile. Bibi akiisikia habari hii hununa mpaka leo.

Nimefungua sanduku la bati la babu wiki hii. Ndani mna kadi kumi na moja za Krismasi kutoka Kisumu, za dereva mwenzake waliyekutana mafunzoni Nairobi, enzi reli ilikuwa moja kwa nchi tatu. Ya mwisho ni ya 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, vichwa na mabehewa yakagawanywa. Babu alistaafu mwaka huohuo mpaka ulipofunguliwa. Kama kuna familia ya reli huko Kisumu yenye kadi za Tabora kwenye sanduku, hizi nazo ni zenu. Tumechelewa kidogo.

Kiti alirithi baba mdogo. Yeye Krismasi yake mbaya ni ile ya Desemba 2009, mto Mkondoa ulipofurika ukabomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, tuta likaondoka na maji, reli zikabaki zinaning'inia hewani. Nyumba nzima tulikuwa naye hapa sikukuu ile, kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyefurahi. Mtu alikaa barazani anaangalia reli tupu. Ndiyo maana mvua ya Desemba, ambayo mkulima anaiombea, kwetu hupokelewa kwa roho mbili.

Siku hizi vijana wanamtania. Treni ya umeme ilizinduliwa Agosti 2024 kutoka Dar hadi Dodoma, nao wanamuuliza ataacha lini hicho kibasikeli chake. Anawajibu kwamba ya umeme bado haijafika Tabora, na mgeni husubiriwa na mwenyeji. Nadhani ana wivu, ila sitamwambia.

Basi salamu hizi ziwafikie zaidi mlio zamuni: madereva, magadi, mastesheni masta, watu wa gengi mnaokagua tuta kwenye mvua, wauguzi, askari, na wewe uliyepanda daraja la tatu na mtoto mgongoni na ndoo ya asali miguuni. Mungu awafikishe salama.

Jana usiku dirisha limegongwa kwa simu, maana siku hizi zamu inaitwa kwa ujumbe. Baba mdogo ameondoka na chupa yake ya chai. Kuku bado anatembea uani, ana siku mbili za ziada, na hajui.