Kilomita zenu ni sahihi, saa si sahihi

Mhariri,

Katika safu yenu ya safari mliandika kuwa kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,800 hivi, na kwamba ndege ya mwendo wa kilomita 900 kwa saa hufika kwa saa 13. Umbali huo ni sawa. Saa naomba mzisahihishe, kwa ajili ya wazee wetu wanaokwenda kuwaona wajukuu huko.

Hesabu ya kugawanya imesahau upepo. Kule juu zinakopita ndege kubwa, upande wa kaskazini, huvuma upepo wenye nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja, Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na kama 14 kurudi.

Kinachowaponza watu zaidi ni tiketi yenyewe. Ratiba ya wakati ule ilikuwa kuondoka Nairobi 23:25 na kutua 06:25. Yaani saa tano na dakika 25 usiku hadi saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Mzee atahesabu kwa vidole apate saa saba, maana hakuna aliyemwambia kuwa ile ya kutua ni saa ya New York, iliyo nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saba wanaposogeza saa zao mbele.

Mama yangu alihesabu hivyo hivyo. Ana kisukari. Aliweka dawa za usiku mmoja kwenye mkoba, zilizobaki zikaingia kwenye sanduku lililokwenda chini ya ndege. Aliyemkatia tiketi hakumweleza lolote. Na safari yake haikuanzia Nairobi: alivuka feri ya Likoni saa kumi na moja alfajiri, akapanda treni Miritini, akashinda uwanjani hadi usiku. Mpaka anafika kwa dada yangu, nilijumlisha nikapata saa 36. Alifika amelegea, kinywa kimekauka, na dawa zilikuwa zake mwenyewe, ila hakuweza kuzifikia.

Tarehe nayo inatesa. Ndege nyingi huondoka baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema 00:40 tarehe 14, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 14, na msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 13. Maneno "usiku wa kuamkia" kila mtu anayajua, kwa nini yasichapwe?

Ninachoomba ni kidogo. Kila mnapotaja safari, andikeni saa za kukaa angani, kwenda na kurudi mbalimbali, na saa ya kutua kwa hesabu ya nyumbani. Kwa ratiba ile, wakati wa baridi, mngeandika: utatua saa nane na dakika 25 mchana, saa za Nairobi.

Mama anarudi mwezi ujao. Tiketi yake inasema 12:25 hadi 10:55 ya kesho yake, na juzi amenipigia simu kuniuliza dawa za saa ishirini na mbili na nusu zitamtosha vipi mkobani.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa