Barua ya wazi kwa wanangu wa makamo: msimfanyie mtu kazi ya umri wake

Wanangu mlio katika umri wa makamo,

Salamu nyingi. Nimewalenga ninyi, wala si vijana au wazee wenzangu, kwa sababu ninyi ndio mliobeba pande zote mbili. Mna watoto wanaokua na mna wazazi wanaozeeka, na malalamiko ninayoyasikia kwenu yanafanana. Mtoto wa miaka 2 amekuwa mkaidi, kila kitu hataki. Binti wa miaka 15 haambiliki. Baba anarudia hadithi ileile mpaka imewachosha. Mnayasema haya kana kwamba ni maradhi yanayotafutiwa dawa. Mimi niliyefundisha walimu wa watoto wadogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nayatazama kwa jicho jingine. Mtoto yule anafanya kazi ya umri wake. Binti naye yumo katika yake, na mzee vilevile. Ombi langu kwenu ni moja: msiwafanyie kazi hiyo, na msiwazuie kuifanya.

Wazo hili la kazi za umri lina wenyewe. Robert Havighurst wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika mwaka 1948 kwamba kila kipindi cha maisha huja na majukumu yake: mtoto mdogo ajifunze kutembea na kusema, wa shule ajifunze kusoma na kupatana na rika lake, kijana aanze kujitegemea, na mzee azoee nguvu kupungua, pengine na kufiwa na mwenzi wake. Miaka miwili baadaye Erik Erikson, mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia Marekani, akaeleza hatua 8, na katika kila hatua akaona mvutano. Mtoto mchanga huvutwa kati ya kuamini na kutoamini, mzee kati ya kuridhika na maisha aliyoishi na kukata tamaa. Umri unaotajwa katika mipangilio hii ni wa kukadiria tu, kwa hiyo msiutumie kumpimia mtoto wa jirani. Wala Erikson hakusema kwamba upande mzuri ushinde kabisa. Mtoto asiyemshuku mtu yeyote naye yuko hatarini.

Tuanze na mtoto mchanga. Kazi yake ni kujua kama dunia hii inaaminika, na hana njia ya kujua isipokuwa kulia na kuona nani atakuja. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda, akawa anawatembelea akina mama majumbani na kuwatazama pamoja na watoto wao. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa mahali pa kurudia: anatambaa kwenda kuchungulia kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anarudi, kisha anakwenda tena mbali zaidi. Wale ambao mama zao walikuwa wepesi kuelewa ishara zao ndio waliothubutu zaidi kuondoka. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba mkimbeba kila anapolia mtamdekeza, msitishike. Anayejibiwa ndiye anayepata moyo wa kwenda. Na akifika miezi 8 hivi, yule aliyekuwa anakwenda kwa kila mtu akaanza kumlilia mgeni, msiseme ameharibika. Amekua. Sasa anamjua mtu wake, na ameanza kuelewa kwamba mtu asiyeonekana bado yupo mahali.

Sasa yule mkaidi. Mtazameni mlangoni asubuhi. Amekaa sakafuni, kiatu cha kushoto amekielekeza kwenye mguu wa kulia. Anasukuma kisigino, ulimi wa kiatu unakunjamana ndani, anautoa mguu, anaanza upya. Ametoa na ulimi wake mwenyewe nje kwa jinsi alivyozama. Wewe umesimama na mkoba begani, unatazama saa. Mkono wako unashuka, unamvalisha kwa mara moja, na yeye anakivua, anakirusha ukutani, anaangua kilio. Unaita kiburi. Lakini ulichomnyang'anya ni kikubwa kuliko kiatu. Alikuwa karibu kupata uthibitisho kwamba mwili huu ni wake na kwamba unamtii. Mtoto anayenyang'anywa hivyo kila siku huanza kuona haya mbele ya kila jambo jipya. Anakaa na kungoja afanyiwe, na baadaye mnakuja kulalamika kwamba hajitumi.

Najua asubuhi zina haraka zake. Sisemi mngoje kila siku. Lakini robo saa ya kuamka mapema inapatikana, na jioni hakuna gari la kuwahi. Wakati wa kukataa nao upo. Kiatu kilichovaliwa kinyume hakimdhuru mtu. Barabara inaua, na moto unaunguza. Huko mshikeni mkono hata alie vipi, bila mjadala mrefu. Mpeni utawala pale ambapo kosa lake ni dogo.

Miaka ya shule nitaipita haraka, maana hapo wengi wenu mnajitahidi vizuri. Kuna jaribio la Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, ambalo mnaweza kulifanya nyumbani. Mwaga maji kutoka glasi fupi na pana uyatie kwenye glasi ndefu na nyembamba, mtoto akiwa anatazama. Wa miaka 4 au 5 kwa kawaida atasema maji yameongezeka. Akikaribia miaka 7 au 8 atakushangaa kwa kumuuliza. Katikati hapo hakuna kilichopungua ambacho mngepaswa kukitia kwa kelele. Akili imefika penyewe kwa kushika, kumwaga na kuona. Kazi ya umri huu ni kuanza kitu na kukimaliza, na kuona kwamba mikono yangu inaweza. Mnachoweza kukiharibu ni hicho, na mnakiharibu kwa sentensi moja tu: "Mbona mwenzako anaweza?"

Binti wa miaka 15 ndiye anayenifanya niandike kwa uchungu. Kazi yake ni kujibu swali gumu kuliko yote aliyowahi kuulizwa: mimi ni nani, mbali na kuwa mtoto wa fulani? Mwanasaikolojia James Marcia alieleza mwaka 1966 kwamba vijana husimama katika hali nne. Wapo waliotafuta na kufikia uamuzi wao. Wapo walio katikati ya kutafuta. Wapo ambao hawajaanza na hawajali. Na wapo walioshika uamuzi bila kutafuta kamwe, wamechukua walichopewa na wazazi, fani, imani na mwenendo, kama kilivyo. Huyu wa mwisho ndiye mnayemsifu mbele za watu. Hana ubishi, hana maswali. Kwangu mimi, huyo ndiye anayenitia wasiwasi kuliko yule anayepiga mlango. Swali asilojiuliza akiwa na miaka 17 linaweza kumjia akiwa na 40, ana watoto watatu na kazi asiyoipenda, na hapo gharama ya kulijibu hulipwa na watu wengi.

Hii haina maana kwamba mfungue mlango na kwenda kulala. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka mtu amepita miaka 20 na kitu. Kijana anaweza kufikiri vizuri sana akiwa ametulia, kisha akafanya upuuzi mkubwa akiwa na wenzake. Kwa hiyo mipaka anaihitaji: usiku atarudi saa ngapi, nani anaendesha gari, vitu gani haviingii mwilini mwake. Katika hayo kuweni imara. Lakini nywele zake, muziki wake, somo analolipenda, maoni yake yanayowaudhi mezani, hayo ni malighafi ya kazi yake. Mkigombana naye juu ya kila kitu, hatakuwa na njia ya kutofautisha jambo la hatari na jambo ambalo ninyi hamlipendi tu. Na akisema neno linalowatisha, muulize "Umefikiaje hapo?" kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Wazazi wengi huuliza swali zuri halafu wakalijibu wenyewe.

Wakubwa zaidi, wale wa miaka ya ishirini, kazi yao ni ukaribu: kumfungulia mtu mwingine moyo bila kujipoteza. Erikson aliiweka baada ya kujitambua, kwa sababu ni vigumu kumpa mtu nafsi ambayo hujaijua. Acheni kuwauliza wataoa au kuolewa lini. Waulizeni marafiki wao ni akina nani.

Na ninyi wenyewe? Hatua yenu Erikson aliiona kuwa ni ya kuendeleza kizazi, na hatari yake ni kudumaa, mtu kuanza kujilea mwenyewe kana kwamba ndiye mtoto wake wa pekee. Ambaye hana mtoto hajaachwa nje. Fundi anayemfundisha mwanafunzi wake bila kumficha siri za kazi yumo, na muuguzi anayemshika mkono mgeni wa wodini yumo pia. Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938 na kuwafuatilia watu kwa miongo mingi, mwanzoni wanaume peke yao. Walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Hilo lilibashiri afya yao vizuri zaidi kuliko kiwango cha lehemu kwenye damu. Nalitaja kwa sababu nawaona mnavyojichosha. Mnafanya kazi za watu wote nyumbani kwa jina la upendo, na jioni hamna hata nguvu ya kukaa na mwenzi wenu na kuzungumza. Mkiwarudishia wengine kazi zao, mtapata muda wa kuifanya yenu.

Tuna methali tunayoipenda, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwamba miaka ya mwanzo ina uzito mkubwa. Lakini msiigeuze methali hiyo kuwa hukumu juu ya mtu aliyekwisha kukua. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii mpaka wakawa watu wazima wa makamo. Kati ya waliozaliwa katika mazingira mabaya sana, karibu theluthi moja walikua watu imara na wenye upendo, na kitu kimoja kilichojirudia katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila kuyumba, awe mzazi, bibi, au mwalimu. Kisha kuna jambo linalonigusa zaidi. Wengi wa wale waliovurugikiwa wakiwa vijana walikuja kujirekebisha walipofika miaka ya thelathini na arobaini, kwa kurudi masomoni, kwa kupata kazi, kwa kuoana na mtu mtulivu. Kazi iliyoachwa nyuma inaweza kurudiwa. Kama una mdogo wako uliyemkatia tamaa, mpigie simu.

Nimalizie na sisi wazee. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili Robert Butler aliandika kwamba mzee anaposimulia ya zamani hajapotea. Anayapitia maisha yake upya ili ayapatanishe. Kabla yake wengi walidhani ni dalili ya kuchakaa kwa akili. Basi baba anapoanza tena ile hadithi ya safari yake ya ujana, usimkate kwa "umeshatuambia." Muulize kitu ambacho hakimo katika hadithi: "Ulimwachia nani nyumba siku ile?" "Uliogopa?" Huenda akanyamaza, akatazama mikono yake, kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Pale ndipo hadithi ilipokuwa imekwama, na ndiyo sababu ilikuwa inarudi.

Lakini tofautisheni. Mzee anayeuliza swali lilelile alilojibiwa dakika tano zilizopita, anayepotea njia aliyoizoea, asiyewatambua watu wake, huyo mpelekeni kwa daktari. Hiyo si hatua ya maisha, na msiifunike kwa kusema ni uzee tu.

Joan Erikson, mke wa Erik na mwenzake wa kazi, alipokuwa na umri mkubwa sana aliongeza hatua ya 9 kwa watu wa miaka ya themanini na tisini. Aliona kwamba mivutano ya mwanzo inarudi. Mwili uliokuwa unaaminika hauaminiki tena, na kujitawala kunaanza kuponyoka. Mama anayehangaika na kifungo cha gauni anapigania kitu kilekile anachokipigania mtoto mwenye kiatu, isipokuwa yeye anajua anachokipoteza. Mpeni muda wake. Vifungo vikimshinda kabisa, mtafutieni nguo isiyo na vifungo, aendelee kujivalisha.

Na kabla hamjakaa ninyi wenyewe kwa wenyewe kuamua mzee ahamie kwa nani, shamba lifanywe nini, daktari aambiwe nini, mwiteni kikaoni. Aanze yeye kusema. Akichelewa kupata maneno, mngojeeni, na asitokee mtu wa kummalizia sentensi.

Ni mimi mwalimu wenu wa zamani.