Sindano haimponyi mbwa sikio

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tunaotibu wanyama mitaani. Mbwa akiletwa anatikisa kichwa na sikio linanuka, wengi wanamchoma sindano ya OTC (antibayotiki iitwayo oksitetrasaiklini) basi, mwenyewe analipa na kuondoka. Haipiti muda mrefu anarudi na sikio lile lile.

Tundu la sikio la mbwa linashuka kwanza, kisha linakata kona kwenda ndani, kama herufi L. Usaha unatuama hapo konani. Dawa ya sindano inapita kwenye damu, na inayofika juu ya ngozi ya tundu hilo ni kidogo mno. Isitoshe, OTC haiui fangasi, nao wamejaa kwenye masikio haya. Dawa ya matone inafika pale pale penye ugonjwa, ikiwa na nguvu nyingi kuliko ile ya damuni. Ila usiidondoshee juu ya usaha, kwa sababu usaha unaipunguza nguvu jentamaisini, antibayotiki iliyomo kwenye baadhi ya matone hayo. Tia maji ya kusafishia, kanda shina la sikio mpaka usikie majimaji yakichuruzika ndani, kisha futa kwa pamba. Na umulike ngoma ya sikio kwanza: ikiwa imetoboka, jentamaisini inaweza kumtia mbwa uziwi.

Matone nayo yana taabu. Yanatakiwa kila siku, sikio linauma, na mbwa wa ulinzi hashikiki. Chupa anaachiwa mlinzi wa geti, na ukipita baadaye unaikuta dirishani imejaa vile vile. Marekani mwaka 2015 waliidhinisha dawa ambayo daktari anaitia sikioni mara moja tu, ikaendelea kufanya kazi karibu mwezi mzima. Kwenye majaribio yake walipona mbwa kama 72 katika kila 100. Kwa waliotiwa kimiminika kitupu walipona 11.

Nawaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wazipime njia hizi kwa mbwa wetu: sindano, matone ya nyumbani, na dawa ya kutiwa mara moja. Wasitegemee maneno ya mwenye mbwa. Wachukue uchafu wa sikio kwa pamba na kuutazama kwenye hadubini, kabla ya tiba na baada yake. Wakihitaji mbwa, wateja wangu kadhaa wamekwisha kubali kuwatoa wa kwao.

Bwana mifugo,
Tegeta, Dar es Salaam