Unaenda Mumbai kwa matibabu au kufuata mzigo? Tenga siku moja uione

Wateja wetu wengi wanaokata tiketi ya Mumbai hawaendi kutalii. Wanaenda kumuuguza mtu au kufuata mzigo, vitambaa, vipuri, mashine, na siku zote zinaishia kati ya hoteli na hospitali au hoteli na soko, halafu akirudi ndo anatuuliza hivi kule kuna nini cha kuona? Inatuuma kwa kweli, maana nauli ushalipa, viza ushalipa, umekaa mji mkubwa kuliko miji yetu yote huku na hujaona kitu.

Tuanze na hili la Taj Mahal maana tunaulizwa sana. Iliyopo Mumbai ni hoteli, Taj Mahal Palace, ilifunguliwa 1903, ina kuba jekundu na ukiiona lazima utapiga picha. Lile kaburi jeupe la marumaru ambalo mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe lipo mji wa Agra, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Ni safari ya pekee yake, inataka ndege mpaka Delhi na kulala, sasa kama una siku moja ya mapumziko usiifikirie kabisa, baki Mumbai.

Jambo la pili ni mahali unapolala. Vitu vingi vya kuona vipo kusini, Colaba, Fort, Marine Drive, na hospitali nyingi wanazoenda watu wetu zipo mbali na huko, wengine wanalala Andheri karibu na uwanja wa ndege. Foleni ya Mumbai sio ya kuichezea, kwahiyo ukitoka toka asubuhi na ukishafika kusini maliza kila kitu cha huko siku hiyo hiyo. Bajaji utazizoea ukiwa Andheri na Bandra lakini kusini haziruhusiwi kuingia, huko ni teksi nyeusi na njano au za kuita kwa simu. Treni za mjini ni rahisi sana na zina mabehewa ya akina mama peke yao, ila saa za watu kwenda na kutoka kazini msipande na mgonjwa, yaani hata mzima anatoka hoi.

Siku yenyewe sisi tunaipanga kuanzia Gateway of India, lile lango kubwa la mawe mbele ya bahari. Lilijengwa kukumbuka ujio wa mfalme George wa Tano mwaka 1911, likakamilika 1924, na Februari 1948 kikosi cha mwisho cha jeshi la Waingereza kikatoka India kwa kupita hapo hapo. Kuingia ni bure. Boti za kwenda kisiwa cha Elephanta zinaondokea hapo, mwendo wa kama saa moja, na huko ndo tunapopapenda kuliko pote. Ni mahekalu yaliyochongwa ndani ya jabali. Hayajajengwa, ni mlima umetobolewa mpaka nguzo zikabaki zimesimama, na ndani kabisa kuna sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, mwenye nyuso tatu, urefu wa kama mita sita, uso wa katikati umefumba macho umetulia, mmoja wa pembeni una hasira na mwingine una sura laini kama ya mwanamke. Kaa hapo kidogo macho yazoee giza ndo utayaona vizuri. Jumatatu pamefungwa! Hili tunalirudia kila mara maana watu wanapanga Jumatatu kwasababu ndo siku daktari hajawapa miadi. Kuna ngazi zaidi ya mia kupanda, mzee asiyeweza anabebwa kwenye kiti kwa malipo, patana bei kabla hajakaa. Na chakula kifiche kwenye begi, nyani wa pale wanapora mkononi.

Ukirudi bara pita stesheni kuu ya treni, Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ilijengwa kuanzia 1878 mpaka 1888 na ipo kwenye urithi wa dunia kama Elephanta. Usiingie tu na kutoka, tazama nguzo za geti, moja ina simba na nyingine chui milia, simba akiwa Uingereza na chui milia akiwa India.

Haji Ali ndo wateja wetu Waislamu wanaiulizia sana. Ni kaburi la walii na msikiti juu ya mwamba baharini, na njia ya kufikia hapo maji yakijaa inafunikwa. Watu wa Pwani hili mnalijua, kupwa na kujaa, basi angalieni ratiba ya maji kabla ya kutoka hotelini msije mkabaki mnapaangalia kwa mbali. Alhamisi na Ijumaa panafurika watu. Akina mama waliwahi kuzuiwa kuingia ndani kwenye kaburi lakini mahakama kuu ya Bombay (jina la zamani la Mumbai) iliondoa zuio hilo mwaka 2016, kwahiyo nendeni.

Jioni malizieni Marine Drive, ukuta wa baharini wa zaidi ya kilomita tatu, taa zikiwaka unapinda wote kama mkufu. Pale ufukwe wa Chowpatty kuna bhel puri, mchanganyiko wa mchele uliopasuliwa na viungo, na kulfi, aiskrimu ya Kihindi. Anayesubiri upasuaji asile vya barabarani, tafadhali, tumbo likiharibika tarehe inasogezwa na gharama inaongezeka. Bebeni noti ndogo ndogo za rupia, wauzaji wengi wanalipwa kwa kuskani simu na M-Pesa yako pale haisaidii kitu.

Kama una siku za ziada kuna ngome ya Janjira kule Murud, masaa kama manne matano kwa gari, katikati ya bahari. Waliitawala Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, na Wamaratha, watawala wa Kihindu wa eneo hilo, walijaribu sana kuiteka wakashindwa. Watalii wengi toka kwetu hawajui kabisa kama ipo na sisi tunatamani kila Mwafrika anayefika Mumbai aione. Ila Juni mpaka Septemba ni mvua za masika ya kule, bahari inachafuka na boti zinasimamishwa, hata za Elephanta zinaweza kusimama, kwahiyo miezi hiyo tunakupangia vya bara tu, mfano Mani Bhavan, nyumba aliyokuwa akifikia Gandhi kati ya 1917 na 1934.

Ukiwa na barua ya miadi ya hospitali au tarehe za kukutana na msambazaji wako, njoo nayo kabla hatujakata tiketi, tuangalie siku ipi ipo wazi na maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, kusogeza safari mwanzoni ni rahisi kuliko kubadilisha tiketi ukiwa ushafika.