Barua ya wazi kwa mdogo wangu: lile begi la fimbo haliuzwi

Kamwene mdogo wangu,

Simu hupokei, meseji unasoma afu kimya, kwahiyo nakuandikia hapa ambapo najua huwa unapita usiku ukikosa usingizi. Mama kaniambia umempigia, umemwambia atoe begi lako la fimbo za gofu alifute vumbi maana kuna mtu wa Makambako anakuja kulichukua Jumamosi na bei mmeshaelewana. Mama amelia. Gofu yenyewe haielewi, mpaka leo anashangaa mtu mzima anapiga kimpira afu anakifuata kwa miguu, ila anakumbuka ulivyokuwa unarudi jioni umelowa ukungu wa Mufindi, mtoto wa darasa la tano umebeba begi la watu mashimo tisa afu ukarudia tisa mengine, unafika unaweka ile hela mezani kwake bila kusema neno unaenda kuota moto jikoni.

Sasa naomba unisikilize, mimi ndo nimeshika daftari la huu msimu wako wa mashindano toka mwezi wa pili, kila nauli, kila gesti, kila kiingilio, kila matokeo uliyonitumia. Nimelisoma upya lote juzi usiku na nimeona kitu ambacho wewe hukioni kwasababu wewe ulikuwa ndani yake.

Tuanze na hela maana najua ndo inayokuuma. Zimetoka milioni 4 na laki 3, imerudi milioni 1 na laki 1. Mashindano manane, manne umekatwa kwenye mchujo ukarudi mikono mitupu, matatu ukapata kidogo, moja ukaondolewa. Ukiitazama hivo kwa haraka unasema huyu kashindwa, na najua kuna watu hapa Mafinga wamekwambia hivo usoni kabisa. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba hata huko Marekani kwenye PGA Tour, mashindano ya mapro wakubwa, wanapiga mashimo 36 ya siku mbili za mwanzo afu wanabaki 65 wa juu pamoja na waliofungana nao, waliobaki wote wanafunga mabegi Ijumaa bila senti tano, na kedi, yule mbeba begi wake, anamdai, na hoteli inamdai. Wale ni watu wenye walimu na madaktari wao. Wewe ulikuwa unapanda basi Mafinga alfajiri, unateremka mlima wa Kitonga umekumbatia begi kwasababu ulikataa liwekwe kwenye buti, unafika Dar usiku, kesho yake asubuhi uko kwenye tii, pale pa kuanzia shimo, unapiga mkwaju wa kwanza na miguu bado imevimba. Kwa kweli mi sioni kama kuna mtu angefanya vizuri zaidi.

Afu hili la kuondolewa. Hili nataka niliseme hadharani kwasababu limesemwa hadharani na limesemwa vibaya, eti uliiba, eti uliandika namba ya uongo. Kwa wasiojua, kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo anashinda, na hujiandikii mwenyewe, mwenzako mnayecheza nae ndo anakuandikia kadi yako na wewe unamuandikia yake, mkimaliza kila mtu anakagua ya kwake shimo kwa shimo afu anasaini. Ukishasaini ukatoka pale imeisha. Kama shimo moja limeandikwa mikwaju mingi kuliko uliyopiga, unabaki nayo hiyo hiyo mingi. Kama limeandikwa michache, unaondolewa mashindano mazima, hata kama ni kosa la kalamu. Wewe shimo la kumi na nne ulipiga tano, mwenzako akaandika nne, ukasaini bila kuangalia maana ulikuwa na njaa na kichwa kinauma. Na usiku ule ule ulivyokumbuka, ukiwa gesti peke yako, hakuna aliyekuwa ameona, uliamka ukaenda kuwaambia wenyewe. Hiyo sehemu ya mwisho hao wanaokusema hawaijui na wewe umekataa kuwaambia. Basi mi nimewaambia.

Yupo mtu anaitwa Roberto De Vicenzo, wa Argentina. Mwaka 1967 alishinda The Open ya Uingereza, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Mwaka uliofuata, 1968, kwenye Masters, mashindano mengine makubwa kule Augusta Marekani, siku ya mwisho ambayo ilikuwa ni siku yake ya kuzaliwa ya 45, shimo la 17 alipiga mikwaju mitatu watu wote wakaona na televisheni ikaona, mwenzake akaandika minne, na yeye akasaini. Siku ile alipiga mikwaju 65, kadi ikasoma 66, na sheria ikasema hiyo 66 ndo itabaki. Kwa mkwaju huo mmoja wa kwenye karatasi akakosa kurudiana na Bob Goalby, Goalby akachukua ubingwa. Bingwa wa The Open, mdogo wangu, kadi ilimponyoka. Wewe ni mtoto wa Igowole msimu wako wa kwanza, unataka kuuza fimbo kwa kosa hilo hilo?

Haya sasa ndo nikupe kile nilichokiona kwenye daftari, hiki ndo hasa kimenifanya niandike.

Nimepanga matokeo yako kwa mahali. Nairobi ulivuka mchujo. Arusha mara mbili, zote ulivuka. Dar mara tatu, zote ulikatwa. Moshi kule TPC chini ulikatwa. Morogoro ndo lile la kadi, ila hata kabla ya kadi ulikuwa nyuma. Nikawa najiuliza Arusha na Nairobi kuna nini, nikadhani chakula, nikadhani joto, mpaka nikasoma meseji zako za kila jioni. Dar umeniandikia "mpira umefupika". Moshi "nimeangukia banka ya mbele", yaani shimo la mchanga. Morogoro "sifiki grini dada sijui nina nini", grini ndo pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe. Kila mahali pa chini unafupika!

Wewe umejifunzia kwenye kile kiwanja cha mashimo tisa katikati ya chai, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, mpira haupati upinzani mwingi, unaenda mbali. Ukishuka usawa wa bahari hewa ni nzito, mkwaju ule ule na fimbo ile ile unapoteza kama asilimia saba mpaka kumi. Fimbo yako namba saba inayokwenda yadi 160 kwetu, Dar inadondoka kwenye 145, na hizo yadi 15 ndo banka zenyewe. Nairobi nao wako juu, zaidi ya mita 1,600, Arusha iko kama 1,400, ndo maana kule ulijisikia nyumbani. Mikono yako haina ubaya wowote. Ulikuwa unashuka na vipimo vya Mufindi na hukupata hata siku moja ya kuvipima upya kwasababu basi lilikuwa linakufikisha usiku wa kuamkia mchezo. Mapro wakubwa wanafika Jumatatu au Jumanne, wanatembea kiwanja, kedi anaandika kila umbali kwenye kijitabu. Sisi tulikuwa tunabana hela ya gesti siku mbili, na hapo nakubali mi ndo nilikwambia ubane. Nisamehe.

Kuhusu umri, uliniambia miaka 26 ni mingi. Calvin Peete, Mmarekani mweusi aliyekuwa anazunguka na gari kuwauzia bidhaa vibarua wa mashambani, alishika fimbo mara ya kwanza ana miaka 23. Mkono wake wa kushoto ulivunjika kiwiko utotoni, haukunyooka tena, na gofu wanakwambia mkono wa kushoto lazima unyooke. Alianza kulipwa 1971, akapata kadi ya PGA Tour, yaani ruhusa ya kucheza huko, 1975, ushindi wa kwanza 1979. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Alimaliza na ushindi 12, na miaka kumi mfululizo hakuna aliyempita kwa kupiga mpira ukatua kwenye njia ya katikati ya nyasi fupi.

Na Kenya Open, ile uliyokuwa unaiangalia kwenye simu yangu ukamaliza bando langu lote, aliyeshinda 2025 pale Muthaiga, Nairobi, ni Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini, na ndo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye DP World Tour, ule mzunguko wa mapro wa Ulaya. Seve Ballesteros mwenyewe, yule gwiji wa Uhispania, alishinda mashindano hayo 1978. Nairobi si mbali na sisi, ni basi mbili.

Maparachichi yangu yanaingia mwaka wa nne, miaka mitatu nimepalilia na kumwagilia sijauza hata moja na hakuna aliyeniambia nikate miti. Mwakani yakikubali natoa hela ya mashindano manne, sio manane. Manne tu, ila kila moja unafika siku tatu kabla, unalala vizuri, unakula, unapima kila fimbo na kuandika. Mawili ya juu, mawili ya chini. Kadi unakagua shimo kwa shimo kabla ya kusaini, hata kama una njaa.

Yule wa Makambako nimempigia leo asubuhi nimemwambia haliuzwi, nimemrudishia na ile advansi yake kwa simu. Najua utakasirika, kasirika ila njoo. Begi liko chumbani kwa mama, kalifunika na khanga yake ile ya kijani, na fimbo zote ziko 14, nimezihesabu.

Dada yako