Dawa za mapigo ya moyo zisiuzwe kiholela

Mhariri,

Mama yangu, hapa Wete, anatumia digoksini kwa sababu moyo wake hupiga ovyo ovyo. Mwezi uliopita vidonge vilimwishia, nikamnunulia vingine dukani. Muuzaji alivikata kwa mkasi, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika "1x2". Hakuuliza kitu. Cheti cha daktari kilisema kimoja tu kwa siku! Siku ya tano mama hali chakula, anatapika, na shuka nyeupe anaiona ya manjano.

Hizo ni dalili za digoksini kuzidi mwilini. Kipimo chake kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Amiodaroni, dawa nyingine ya mapigo ya moyo, nayo ina madini joto mengi, na huweza kuathiri tezi ya shingo, ini na mapafu, ndiyo maana mtumiaji hupimwa damu kila baada ya muda.

Nawaomba wakaguzi wa dawa wapite madukani huku Pemba. Nanyi wenye maduka, tafadhalini, someni cheti kwanza. Mama amepata nafuu, alhamdulillahi, lakini sasa kila kidonge ninachompa anakigeuzageuza kiganjani kabla ya kukimeza.

Msomaji wako,
Wete, Pemba