Kuvu ya ICU ipimwe DNA tujue imetoka wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee juu ya kitu inamaliza watu wetu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na ni wachache wanaitaja kwa jina. Mgonjwa anaingia na ajali ya boda ama stroku, madaktari wanapambana naye, anaanza kupata nafuu, halafu baada ya wiki mbili tatu homa inapanda na haishuki hata apewe antibayotiki kali namna gani. Damu inaletwa kwetu maabara, tunaotesha, na siku kadhaa baadaye tunaona kumbe si bakteria, ni kuvu. Familia inaambiwa "amepata infekshoni" na maneno yanaishia hapo, wao wanarudi kwa grupu ya WhatsApp kuendelea kuchanga bili.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Nairobi na swali langu ni moja, hiyo kuvu imetoka wapi? Manake Candida, kuvu tunayoipata sana kwa damu, nyingi mtu hutembea nazo mwenyewe mdomoni na tumboni, sasa zikipatikana kwa damu ya wagonjwa wawili wa wodi moja inaweza kuwa kila mmoja ameugua na yake. Ama inaweza kuwa ni kuvu moja imehama kitanda hadi kitanda kupitia mikono yetu na vyombo vyetu. Ukiangalia kwa darubini zinafanana kabisa. Ni DNA tu inaweza kuzitenganisha, vile watu wakigombania mtoto huenda kupimwa na ubishi unaisha.

Ile inatusumbua zaidi ni Candida auris. Ilielezwa mara ya kwanza 2009 huko Japani, ilitolewa kwa sikio la mama wa miaka 70. Hii haikai tu ndani ya mgonjwa, inakaa kwa ngozi, kwa reli za kitanda, kwa mashine, na inaweza kukaa hapo wiki nzima nzima. Dawa zingine za kupanguza tunazotumia kila siku hata haziiui vizuri, inataka klorini. Fluconazole, ile dawa ya kuvu iko karibu kila mahali, mara nyingi haiigusi. Na zile mashine zetu za zamani za kutambua vijidudu zilikuwa zinaiita haemulonii, ambayo ni jamaa yake tu, ukiona hivyo unatakiwa kuishuku uioteshe tena kwa joto la nyuzi 42, ikiota hapo ujue uko na shida. WHO walipotoa orodha yao ya kwanza ya kuvu hatari, Oktoba 2022, waliweka aina 19 na hii iko kati ya nne za juu kabisa.

Na msifikiri ni mambo ya ng'ambo. Katika hospitali moja ya rufaa hapa Nairobi, kati ya 2010 na 2016 kulikuwa na wagonjwa 201 waliopatikana na Candida kwa damu, na 77 kati yao ilikuwa auris. Karibu wanne kwa kila kumi!! Wanasayansi wamelinganisha DNA ya auris kutoka nchi nyingi wakakuta iko na koo, yaani familia, kubwa kadhaa, ukoo na ukoo wametofautiana kwa maelfu ya herufi za DNA lakini walio ukoo mmoja karibu wanalingana, na sampuli za Kenya zilionyesha tuko na zaidi ya ukoo mmoja. Yaani huku iliingia zaidi ya mara moja. Iliingilia wapi, na nani aliifuatilia?

Hebu mwone vile wenzetu walifanya. Oxford, Uingereza, ICU ya wagonjwa wa ubongo, wagonjwa 70 walipatikana nayo kati ya 2015 na 2017. Walisafisha, walitenga watu, bado ikaendelea. Wakapima kila kitu na mwishowe wakaipata kwa themomita ya kwapani, ile ya waya inaachwa hapo kupima joto mfululizo halafu inapanguzwa inawekewa mgonjwa mwingine. DNA ya kuvu ya kwa themomita na ya kwa wagonjwa zikawa za ukoo mmoja, karibu sana. Zile themomita zikaondolewa na maambukizi yakapungua. Themomita jamani, kitu mtu wa kawaida hata hawezi kuishuku, na pengine hata hiyo wodi yako iko nazo.

Marekani pia 2012, watu mia kadhaa waliugua homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine kutokana na kuvu inaitwa Exserohilum baada ya kudungwa sindano za maumivu ya mgongo, na DNA ikaonyesha kuvu ya wagonjwa na ile ya kwa vichupa vya dawa ni moja. Hapo hakuna tena mambo ya kusema ni bahati mbaya.

Sasa mtu ataniambia hatuna pesa. Wakati wa corona si tulisoma RNA ya virusi, ambayo kwao ndiyo inashika nafasi ya DNA, hapa hapa kwa taasisi za utafiti, KEMRI Kilifi na ILRI huku Nairobi? Ni kweli kuvu ni kazi zaidi, corona ni herufi kama 30,000 na auris ni karibu milioni 12, na ganda lake ni gumu lazima ulipasue kwanza. Lakini si lazima usome zote. Kuna njia ya kuangalia vipande vichache vya DNA vinavyojirudia rudia, unahesabu vimejirudia mara ngapi, na majibu yake yanaelekeana na ya kusoma DNA yote kwa bei ya chini sana.

Shida kubwa naona ni kwamba tunatupa. Pale nafanya kazi, na sitaitaja, majibu yakishatoka sahani tuliyooteshea inaingia kwa otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na ushahidi wote unaisha, wiki ijayo mgonjwa wa kitanda cha pili akipata hiyo hiyo hatuna kitu ya kulinganisha nayo. Najua wakubwa wanaogopa kushtakiwa kama itajulikana imetoka kwa wodi yao, na hiyo hofu naielewa, lakini anayelipa ni yule amelala na laini, mpira wa dawa ulioingizwa kwa mshipa, shingoni.

Wizara ya Afya itoe amri kila kuvu inayotoka kwa damu igandishwe kwa friza ya nyuzi -80, na iandikwe mgonjwa alilala kitanda gani, lini, aliwekewa mashine gani, manake DNA bila hiyo rekodi haisaidii. Iteuliwe maabara moja ya kupima kwa niaba ya kaunti zote. Na ile barua ya rufaa mgonjwa akihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kwa ambulensi usiku, iwe na mahali pa kuandikwa kama amewahi kupatikana na auris, ndio wale wanampokea wamtenge kabla hajalazwa katikati ya wengine.

Mtu wa maabara,
Nairobi